Nani Anayestahili Kujaribiwa Dawa?

Ndugu msomaji, lau ungeambiwa leo kwamba iko dawa mpya ya maradhi yanayomsumbua mzazi wako, nayo inatolewa bure, bila shaka ungeuliza inatolewa wapi. Na lau ungejibiwa kwamba dawa hiyo hapewi kila mgonjwa, bali wachache waliochaguliwa, pengine ungekasirika na kuuliza: kwani mgonjwa wangu ana kasoro gani? Makala haya yanataka kulitazama swali hilo la pili. Watu wengi hulikimbilia la kwanza na kulisahau hili, na hali ndilo lenye uzito.

Maradhi ninayotaka kuyazungumzia ni yale yaitwayo Parkinson. Jina hilo latokana na mganga Mwingereza, James Parkinson, aliyeandika kitabu kidogo juu yake mjini London mwaka 1817. Sisi huku Pwani twayaita ugonjwa wa kutetemeka, na aghalabu twayahesabu kuwa ni uzee, au twasema fulani karogwa, au amepandwa na jini. Ukweli ni kwamba ndani ya ubongo iko sehemu ndogo yenye chembe zinazotengeneza kitu kiitwacho dopamini, ambacho huusaidia ubongo kuuamrisha mwili uende kwa wepesi. Chembe hizo zikifa, mwili huwa mzito, viungo hukakamaa, mkono hutetemeka ukiwa umetulia, uso hukosa bashasha, sauti hufifia, na mwandiko huwa mdogo.

Mjomba wangu ni maalim wa chuo upande wa Maneromango, wilaya ya Kisarawe, nami naishi Kibaha. Safari ya kwenda kwake hupitia Mlandizi na Mzenga, na masika ikikolea njia hiyo humtaka msafiri awe na subira. Dalili ya kwanza ya maradhi yake tuliiona katika mwandiko. Watoto wa chuo walianza kunong'onezana kwamba mstari wa maalim huanza kwa herufi kubwa kama kawaida, kisha herufi husinyaa kidogo kidogo, na mwisho wa ubao hubaki kama nyayo za sisimizi. Baadaye bega la kulia likawa zito, kisha mkono ukaanza kutetemeka akiwa amekaa kimya barazani. Zahanati moja ilimpa dawa za maumivu kwa muda mrefu. Jirani mmoja akamletea kombe. Mwingine akasema huo ni umri tu. Ikapita miaka 6 bila ya mtu kuyataja maradhi hayo kwa jina lake.

Usidhani kwamba jambo hili lilimpata yeye peke yake. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti wa Kitanzania na wa Kiingereza walipita nyumba kwa nyumba katika eneo lenye watu 161,071 wakiwatafuta wagonjwa wa Parkinson. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2008. Walipatikana wagonjwa 33, na walio wengi kati yao hawakuwa wamewahi kuambiwa kwamba wana maradhi hayo. Nayo dawa ipo. Levodopa, ambayo ikifika katika ubongo hugeuka kuwa dopamini, ilianza kuonyesha nguvu zake kwa wagonjwa katika miaka ya 1960, na ikichanganywa na karbidopa imo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani. Haiponyeshi, kwani chembe zilizokufa hairudishi. Lakini humrejeshea mgonjwa mikono na miguu yake kwa saa kadhaa za kila siku, na kwa miaka kadhaa ya maisha yake.

Daktari wa Kibaha aliyempima mjomba hakutumia mtambo wowote wa ajabu. Alimtaka agonganishe kidole gumba na cha shahada haraka haraka, akamwambia atembee na kugeuka, akampa kalamu aandike jina lake. Kisha akayataja maradhi, akamwandikia vidonge. Mjomba alikuwa na umri wa miaka 66. Tulirudi naye Maneromango na vidonge hivyo vikiwa mfukoni, na usiku ule ule yakazuka mazungumzo ya majaribio.

Binamu yangu, mtoto wa mjomba, hufanya kazi Dar es Salaam, naye ni kijana apendaye kufuatilia habari za dunia. Alikuwa amesoma kwamba mwaka 2025 waganga wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, walitangaza kuwa wamepandikiza chembe mpya zinazotengeneza dopamini ndani ya ubongo wa wagonjwa wa Parkinson, na kwamba baadhi yao walipata nafuu. Alitaka baba yake apelekwe huko, hata ikibidi kuuza shamba la mikorosho. Nikamwambia, ndugu yangu, tusome masharti kwanza.

Hebu basi, msomaji, tuyatazame masharti hayo, maana asiyeijua sababu yake huyadhania kuwa ni dharau.

Dawa mpya haitoki maabara na kwenda moja kwa moja dukani. Hupita awamu baada ya awamu. Katika awamu ya kwanza hupewa watu wachache sana, na swali kubwa linaloulizwa ni kama inadhuru, na kipimo chake ni kipi. Katika awamu ya pili watu huongezeka, na hapo huanza kutazamwa kama ina faida. Awamu ya tatu huwataka watu wengi zaidi, na dawa mpya hulinganishwa na ya zamani, au na kidonge kisicho na dawa ndani yake. Kwa hiyo anayeingia mwanzoni hufanya kazi ya mtu anayetangulia mtoni kupima kina. Huenda akavuka, lakini kazi aliyopewa ni kuwajulisha walio nyuma yake. Ndiyo maana mlango wa awamu za mwanzo una walinzi wengi.

Mlinzi wa kwanza ni uhakika wa ugonjwa. Si kila atetemekaye ana Parkinson. Wako watu ambao mkono hutetemeka wanapoinua kikombe, nao wana ugonjwa mwingine. Wako ambao hutetemeka kwa sababu ya dawa za maradhi ya akili. Wakiingizwa katika jaribio, dawa itahukumiwa kwa ugonjwa usiokuwapo.

Wa pili ni umri. Huko Kyoto waliopandikizwa walikuwa watu 7 tu, wenye umri wa miaka 50 hadi 69. Atakayetobolewa fuvu la kichwa hana budi awe na mwili wa kustahimili.

Wa tatu ni muda wa ugonjwa na dawa ambazo mgonjwa amekwisha kuzitumia. Hapa masharti hutofautiana. Kyoto waliwataka wagonjwa ambao dawa za kawaida zilikuwa haziwatoshelezi tena. Majaribio mengine hutaka kinyume chake. Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya dawa iitwayo prasinezumab, iliyojaribiwa kwa watu 316 wenye umri wa miaka 40 hadi 80 ambao ugonjwa wao ulikuwa umegunduliwa ndani ya miaka 2 tu. Na zamani zaidi, mwaka 1987, Marekani na Kanada walianza jaribio la wagonjwa 800 ambao walikuwa bado hawajahitaji levodopa. Sababu yake ni kwamba levodopa huzifunika dalili. Anayetaka kujua kama dawa mpya inapunguza mwendo wa ugonjwa ni kama mtu anayesikiliza mnong'ono. Hataki ngoma ipigwe karibu yake.

Wa nne ni afya nyingine. Mwenye saratani, mwenye moyo dhaifu, mwanamke mwenye mimba, na mwenye kutumia dawa zinazogombana na ile mpya, aghalabu huachwa nje kwa usalama wake.

Wa tano ni akili timamu na uhuru wa kuamua. Maradhi haya yakikomaa huweza kuleta usahaulifu na huzuni nzito, na asiyeelewa anachotiwa mwilini hawezi kukiridhia.

Wa sita ni uwezo wa kurudi. Mshiriki hutakiwa kufika kupimwa mara kwa mara, pengine kwa miezi au miaka, na kupigwa picha za ubongo kwa mitambo ambayo haipatikani kila mahali. Sharti hili haliandikwi kwa herufi kubwa, lakini huwafungia nje watu wa Kisarawe kuliko yote niliyoyataja.

Na aliyepita kwa walinzi wote sita hapewi ahadi yoyote. Wale 316 wa prasinezumab walifuatwa kwa wiki 52, na katika kipimo kikuu kilichowekwa, waliopata dawa hawakutofautiana vya kutosha na wasiopata. Mwaka 2001 yalichapishwa Marekani matokeo ya wagonjwa 40. Nusu yao walipandikizwa chembe katika ubongo, na nusu walitobolewa fuvu bila ya kutiwa kitu, ili ijulikane nafuu inatoka wapi. Baadhi ya waliopandikizwa walikuja kupata mwili kujinyonganyonga hata bila ya dawa. Watu hawa waliifaa dunia, na yapasa tuwashukuru. Lakini wewe unayetaka kumpeleka baba yako huko, ujue ni wapi unapompeleka.

Tulipofika hapo binamu yangu alinyamaza kidogo, kisha akatoa hesabu nyingine. Akasema: Kyoto basi hapafai. Lakini hayo majaribio ya wagonjwa wapya, mbona baba anafaa? Umri wake ni miaka 66. Ugonjwa wake umetajwa juzi tu, kwa hiyo katika karatasi ni mpya. Na levodopa hajaionja hata mara moja. Basi vidonge hivi asivinywe kwanza. Tuandike barua Ulaya na Marekani, tungoje, maana akishaanza kunywa atakuwa ameufunga mlango kwa mkono wake mwenyewe.

Ndugu msomaji, nataka usimcheke kijana huyu. Alisema hivyo kwa mapenzi, na katika jambo moja alikuwa amesema kweli. Mwili wa mjomba ulikuwa na ugonjwa wa miaka 6, na cheti chake kilikuwa na ugonjwa wa siku chache. Huko ng'ambo, mtu ambaye hajatumia dawa ni mtu aliyewahi kumwona daktari mapema, akagunduliwa mapema, akakubaliana na daktari wake kwamba bado hajaihitaji. Kwetu, ambaye hajatumia dawa ni mtu ambaye dawa haikumfikia. Maneno ni yale yale na maana ni mbili. Watu wa namna hii, ambao mtafiti wa ng'ambo huwatafuta kwa taabu, Kisarawe na Kibaha Vijijini wanaweza kupatikana barazani kwao, kwa sababu ya umaskini na umbali. Je, ni halali umaskini wa mtu ufanywe kuwa sifa ya kumwingiza katika jaribio?

Historia imekwisha kulijibu swali hili kwa uchungu. Huko Tuskegee, jimbo la Alabama nchini Marekani, idara ya afya ya serikali ilianza mwaka 1932 kuwafuata wanaume weusi 399 wenye ugonjwa wa kaswende, wengi wao wakulima maskini. Hawakuambiwa ukweli wa ugonjwa wao. Penisilini ilipokuja kuwa tiba inayojulikana, katika miaka ya 1940, walinyimwa, ili ionekane ugonjwa ukiachwa huru hufanya nini. Jambo hilo liliendelea hadi mwaka 1972 lilipofichuliwa magazetini. Watu wale waliteuliwa kwa sababu walikuwa hawajatibiwa, kisha wakaachwa bila tiba ili waendelee kufaa kwa utafiti. Aliyewafanyia hivyo alikuwa mtu mgeni kwao. Sisi tulikuwa tunataka kumfanyia mzee wetu jambo linalofanana na hilo kwa mikono yetu, na jaribio lenyewe halipo.

Nikayasema haya mbele ya mjomba na mkewe. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, kwa uso ule usioonyesha furaha wala ghadhabu, ambao nao ni katika maradhi yake. Kisha akasema kwa sauti ndogo: "Wanangu, nimewasikia. Kuwafaa watu kwa mwili wangu ni jambo jema, na siku wakija kuniuliza nitawajibu. Lakini hao hawajaniuliza. Nyinyi ndio mnaotaka nikae bila dawa nikimngoja mtu asiyenijua, wala hajasema kwamba anakuja. Leteni vidonge vyangu."

Mkewe ndiye aliyevileta, na maji.

Katika jibu hilo, msomaji, mna kanuni nzima ya jambo hili, na sijaikuta imesemwa wazi zaidi mahali pengine. Anayestahili kuingia katika jaribio la mwanzo ni yule aliyeulizwa, akaelewa, na ambaye anaweza kusema hapana bila ya kupoteza kitu alichokuwa nacho, au alichostahili kuwa nacho. Mwenye dawa yake nyumbani anaweza kusema ndiyo au hapana. Lakini yule ambaye jaribio ndilo mlango wake pekee wa kumwona daktari na kupata kidonge, huyo hata akitia saini, saini yake imeandikwa na shida. Kwa hiyo kumpa mtu tiba inayojulikana ni kumpa pia uhuru wa kuamua juu ya ile isiyojulikana. Watafiti wa Hai waliufuata mwendo huu: wagonjwa waliowapata walianzishiwa levodopa na karbidopa, kisha wakafuatwa kwa miaka 3 kutazama maendeleo yao.

Wala tusidhani kwamba majaribio ya mwanzo ni mambo ya ng'ambo peke yake. Kuanzia mwaka 2007 ilijaribiwa Dar es Salaam chanjo ya ukimwi, chini ya chuo kikuu cha tiba cha Muhimbili na wenzao wa Sweden. Waliojitolea walikuwa 60, na waliitwa kutoka katika jeshi la polisi. Walitakiwa wawe wazima, wasio na virusi, na wenye kuelewa walichokuwa wakikifanya. Miongoni mwa jamaa zao walikuwako waliohofia kwamba chanjo yenyewe itawaletea ugonjwa, na kujitolea kwao kulitaka ujasiri wa nyumbani pia.

Na hapa mkoani kwetu Pwani, mjini Bagamoyo, mwaka 2012 vijana wanaume wenye afya walikubali kudungwa vimelea hai vya malaria, chini ya uangalizi wa waganga wa Taasisi ya Afya ya Ifakara, wakatibiwa mara vilipoonekana katika damu. Walichaguliwa watu wazima ambao walikuwa hawajapatwa na malaria sana katika miaka ya karibuni, ili ijulikane wazi mwili unaipokeaje. Chanjo ya malaria iliyojaribiwa kwa watoto wa Bagamoyo na Korogwe kuanzia mwaka 2009, pamoja na wenzao wa nchi nyingine 6 za Afrika, jumla yao 15,459, ilikuwa imekwisha kupita kwanza katika miili ya watu wazima. Huo ndio utaratibu. Anayeweza kujisemea hutangulia, na asiyeweza kujisemea hufuata.

Liko pia jaribio lisilo na mlango wala mlinzi, nalo ndilo tulilolizoea. Mwaka 2011 maelfu ya watu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe kimoja kwa shilingi 500. Kila aliyefika alikunywa, mgonjwa wa kisukari na mgonjwa wa saratani sawasawa. Na katika habari hii ya Parkinson, mtu mmoja alimwambia mjomba atafute mbegu za upupu, ule ule unaotuwasha tukipita porini. Ajabu ni kwamba hakukosea sana. Mbegu za upupu zina levodopa, na jambo hilo lilijulikana kwa wanasayansi wa India tangu mwaka 1937. Waganga waliujaribu unga wake nchini Bolivia kwa wagonjwa 18, wakachapisha mwaka 2017 kwamba kipimo kimoja kilifanya kazi kama vidonge. Lakini walipojaribu kuutumia kwa wiki nyingi kwa wagonjwa 14, nusu yao waliacha, wengine kwa kichefuchefu na wengine kwa sababu viungo vilizidi kuwa vizito. Mwenye kusaga mbegu hizo nyumbani hajui ameweka levodopa kiasi gani katika kijiko. Yeye ni mtafiti na mjaribiwa kwa pamoja, na hakuna anayeandika matokeo.

Basi, je, kanuni niliyoitaja ina maana kwamba watu wetu wakae mbali na majaribio milele? Hasha. Hiyo nayo ingekuwa dhuluma. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa vinasaba uliowahusisha wagonjwa wa Parkinson karibu 1,500 wenye asili ya Afrika, wakiwamo Wanijeria. Iligunduliwa hitilafu katika kinasaba kiitwacho GBA1 ambayo huongeza hatari ya ugonjwa huu kwa Waafrika, na ambayo kwa Wazungu haionekani ila kwa nadra sana. Kwa miaka mingi walikuwa wakipimwa watu wengine, na hitilafu yetu ikabaki imejificha ndani yetu. Dawa iliyojaribiwa kwa mwili wa mwingine peke yake huenda isikufae wewe. Katika miaka hii ya 2020 umeanzishwa mradi wa utafiti wa Parkinson katika nchi 7 za Afrika, nazo ni Misri, Ethiopia, Ghana, Kenya, Nijeria, Afrika Kusini na Tanzania. Utafiti wa kuchunguza tu, ambao mtu hutoa damu, hupimwa na kuulizwa maswali bila ya kupewa dawa mpya, mlango wake ni mpana zaidi. Humo hata mzee wa miaka 80, hata aliyekwisha kuzoea vidonge, aweza kuwa na nafasi yake.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mtafiti ni mgeni. Akija Kisarawe au Kibaha na mwenyeji asipone kitu, si uponyaji wa dawa mpya tu bali hata wa kupimwa vizuri, kutajiwa ugonjwa wake na kupewa tiba iliyopo, basi huyo amekuja kuchuma na kuondoka.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, siku ukiletewa karatasi ya kuingia katika jaribio, wewe au mzazi wako, usiitie saini kwa furaha ya kuchaguliwa, wala usiichane kwa hofu. Kaa uulize. Kwanza, je, ugonjwa umethibitishwa na nani? Pili, hii ni awamu ya ngapi, na kabla yangu imejaribiwa kwa watu wangapi? Tatu, je, huenda nikapewa kidonge kisicho na dawa, na nikizidiwa nitaruhusiwa kuanza dawa inayojulikana? Nne, nikiumia nani atanitibu, na jaribio likimalizika na dawa ikaonekana ni nzuri, nitaendelea kuipata? Tano, je, jaribio hili lina kibali cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1979, na cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba? Jaribio la dawa Tanzania Bara halina budi kuwa na vibali vyote viwili, na mwenye navyo haoni haya kuvionyesha. Sita, je, naweza kujitoa kesho bila ya kunyimwa matibabu yangu ya kawaida? Haki hiyo imo katika Azimio la Helsinki la madaktari wa dunia, lililopitishwa kwanza mwaka 1964. Atakayekasirika kwa kuulizwa maswali haya, amekwisha kukujibu.

Na ikiwa katika nyumba yako yuko mzee ambaye mkono wake unatetemeka akiwa ametulia, au mwandiko wake umesinyaa, au hatua zake zimekuwa fupi kama za mtu anayepita gizani, usianze kwa kutafuta habari za Kyoto. Anza kwa kumpeleka apimwe, ajue jina la ugonjwa wake na apate dawa iliyopo. Mjomba wangu hakupona, wala hatukuambiwa kwamba atapona. Lakini baada ya wiki kadhaa za vidonge aliweza kufunga vifungo vya shati lake bila ya kumwita mtu, na anageuka kitandani usiku peke yake. Herufi zake bado ni ndogo, ila zinasomeka mpaka mwisho wa ubao. Binamu yangu ndiye anayemletea vidonge kutoka Dar es Salaam kila mwezi, naye huhesabu siku zake kuliko sisi sote.

Mjomba hajabadili neno lake. Kila akisikia kwamba kuna watafiti mahali fulani husema: "Wakija, mwaniandike. Ila waniulize mimi mwenyewe."